Mwanangu anasema yeye ndiye aliyeanguka mnazini

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini na mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini. Kwao ni upande wa Pangani, na huko ndiko lilikoanzia jambo linaloninyima usingizi.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkwezi. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuangua nazi, zake na za watu. Nikiwa na mimba ya miezi mitano ya mwanangu wa kwanza, alianguka kutoka kwenye mnazi ulio nyuma ya nyumba yake. Alilala wiki tatu, mgongo umevunjika, akafariki. Mwanangu alizaliwa mama mkwe akiwa bado yumo ndani ya eda. Walimpakatisha mama mkwe mtoto palepale alipokaa, naye akalia, akasema, "Mume wangu amerudi." Tukampa mtoto jina la babu yake. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu kurithi jina ni kawaida, na bibi kumwita mjukuu "mume wangu" ni utani wa siku zote.

Sasa mtoto anakaribia miaka mitano. Alipotimiza mitatu alianza kusema "zamani nilipokuwa mkubwa". Tukacheka. Baadaye akawa anasema, "Nilipanda juu, nikaanguka, nikaumia mgongo." Mwaka jana tulipokwenda Pangani alikataa kabisa kupita nyuma ya nyumba. Akaunyooshea kidole mnazi uleule, akasema, "Huo ulinitupa." Shangazi, minazi pale ni mingi. Aliujuaje? Tangu msiba hakuna mtu aliyeukwea tena, nazi zake zinadondoka zenyewe, nasi watu wazima tunauzunguka kwa mbali. Hakuna aliyemwonyesha.

Halafu shemeji yangu mdogo, anayesoma chuo Dar es Salaam, akamjaribu. Alipanga mapanga matatu mkekani. Moja la marehemu, mpini wake umefungwa mpira mwekundu, mawili ya majirani. Familia nzima tumekaa tunatazama. Akamwuliza, "Lako lipi?" Mtoto akatuangalia mmoja mmoja, akalishika la babu yake. Mama mkwe alipiga kigelegele huku analia.

Shemeji anasema hapo hakuna mizimu wala roho kurudi. Anasema ni sayansi: kumbukumbu za wazee zimeandikwa kwenye DNA, zinashuka kwa damu, na ndiyo maana watu wa dini za Asia waliamini kwamba mtu huzaliwa tena. Akatuonyesha video ya panya waliorithi woga wa baba yao. Mume wangu akaridhika, kwa kuwa anayesema ni msomi. Sheikh wa msikiti wa mtaani kwetu aliniambia nisiamini habari za mtu kuzaliwa tena, lakini hakunieleza mtoto anayatoa wapi.

Lililonileta kwako ni hili. Kuna ugomvi wa mpaka kati ya shamba la marehemu na la jirani, kama minazi kumi na mmoja hivi. Aliyejua mawe ya mpaka yako wapi alikuwa marehemu. Sasa mama mkwe na baba mdogo wa mume wangu wamekubaliana kwamba baada ya Idi mtoto apelekwe shambani, mbele ya jirani na wazee, awaonyeshe alipoyaweka mawe. Na mama mkwe anataka akishaonyesha abaki kwake hukohuko.

Mtoto siku hizi anaamka usiku akilia. Ameanza tena kukojoa kitandani. Juzi ameniuliza, "Mama, nitaanguka tena?" Sikuwa na jibu.

Je, ni kweli kumbukumbu zinarithiwa kwa damu? Na nikikataa asipelekwe, nitakuwa nimemvunjia heshima mama mkwe na kumdhulumu mwanangu urithi wake?

Mama wa wawili, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile swali la usiku, maana mengine yanaweza kungoja kukuche na hilo haliwezi. Akikuuliza tena kama ataanguka, mpakate, mwambie hivi: "Wewe hujaanguka. Aliyeanguka ni babu. Siku hiyo wewe ulikuwa tumboni mwangu." Mwambie kwa sauti yako ya kawaida. Usimkemee kwamba anasema uongo, kwa sababu hasemi uongo. Akiuliza mara kumi, mjibu mara kumi kwa maneno yaleyale. Mtoto wa umri huo anatafuta kujua kama jambo limekwisha au linamsubiri mbele, na leo ndani ya ukoo wenu hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba limekwisha.

Sasa tuje kwenye damu. Jibu liko ndani ya barua yako, kwenye ile miezi mitano.

Urithi wa mwili mtu hugawiwa mara moja tu, mimba inapotungwa. Mbegu ya baba huleta kromosomu 23, yaani vifurushi vya DNA, yai la mama huleta 23, mlango unafungwa. Alichokuwa nacho marehemu cha kumpa mjukuu kilipitia kwa mume wako, na kwa mume wako kilifika siku mimba yake ilipotungwa, marehemu akiwa kijana mwenye mgongo mzima. Kuanguka kulikuja miaka mingi baadaye. Tuseme hata shemeji yako ana haki, kwamba kila mtu anaandika maisha yake ndani ya DNA na kuyashusha kwa wanawe. Ajali ile ingepita wapi? Mume wako alikwisha kuwa mwanamume mwenye mke, na mwanao alikwisha kutungwa. Hakuna damu iliyosafiri kutoka chini ya mnazi ule hadi tumboni mwako.

Hoja hiyo peke yake inatosha kwa jambo la mwanao. Lakini shemeji yako anasoma, na msomi anastahili kujibiwa kwa ukamilifu, basi nisaidie kumfikishia haya.

Wapo panya kweli. Ni utafiti wa Brian Dias na Kerry Ressler wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, uliotoka mwishoni mwa 2013. Waliwazoesha panya madume kuogopa harufu ya kemikali moja inayonukia kama tunda, kwa kuwapiga shoti ya umeme kila ilipovuma. Kisha wakawazalisha. Watoto na wajukuu wa panya wale walishtuka zaidi kwa harufu ileile ingawa hawakuwahi kuinusa. Matokeo yale yalizungumzwa sana, na wapo wanasayansi waliozitilia shaka hesabu zake. Lakini hata tukiyapokea yote, tazama kilichopita: wepesi wa pua kushtukia harufu. Panya mjukuu hakujua kwamba palikuwa na kizimba, wala nani alimpiga shoti babu yake, wala siku gani. Na zaidi ya yote, wale madume waliogopeshwa kwanza, ndipo wakazalishwa. Kwenu mambo yalikwenda kinyume chake.

Kumbukumbu za mtu, yaani zile za "nilipanda, nikaanguka", zinakaa kichwani, katika namna chembe za ubongo zilivyoshikana. Kila tunapojifunza jambo, baadhi ya miunganiko hukaza na mingine hulegea. Mbegu za uzazi zinatengenezwa kwingine kabisa, na hakuna njia inayojulikana ya kuchukua kisa kizima kutoka kichwani na kukitia humo. Ukitaka kuliona hilo bila maabara, tazama lugha. Hakuna kitu ambacho mtu hukitumia siku nyingi zaidi maishani mwake kuliko lugha aliyokulia. Kama damu ingebeba kumbukumbu, lugha ingetangulia. Lakini nenda Muscat, kwenye nyumba za waliotoka Unguja baada ya 1964. Wazee bado wanapiga soga kwa Kiswahili kizuri, na wapo wajukuu wao wasiojua zaidi ya maneno ya salamu. Mtoto wa Kitanga aliyezaliwa Toronto hajui neno "nazi" mpaka mtu amwambie "nazi".

Hapa nisieleweke vibaya. Damu inabeba mengi, na mengine yanasisimua kuliko hata hadithi za watu kurudi. Wewe uko Tanga. Siku ukipata nafasi, nenda Ushongo, kusini ya Pangani, msimu mayai ya kasa yanapoanguliwa. Kasa mdogo, hatoshi hata kiganja, anachimbuka mchangani, hajamwona mama yake hata siku moja, na anageuka kuelekea baharini. Hakuna aliyemfundisha. Hiyo ni silika, na silika inarithiwa. Lakini kasa yule hajui mama yake alinaswa kwenye wavu wa nani.

Na sisi watu vilevile. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu waliorithi kinasaba cha selimundu, ule ugonjwa wa damu, kwa mzazi mmoja tu wanakingwa na malaria kali, na kwamba ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea katika sehemu za Afrika Mashariki zenye mbu wengi. Ukipenda, sema damu ya watu wa Pwani inaikumbuka malaria. Ila imeikumbuka kwa njia moja tu: walioikosa kinga walikufa wadogo, walioipata wakaishi wakazaa. Hakuna sura ya mtu humo, wala jina, wala mnazi. Mwanao anaweza kuwa na masikio ya babu yake, na pengine mwendo wake. Takriban robo ya vinasaba vyake vilitoka kwa mzee yule. Hilo ni kubwa, na mama mkwe akiyaona masikio yale akatokwa machozi, haoni njozi.

Kuhusu zile dini za Asia, nadhani shemeji yako hakufikiri mpaka mwisho. Dalai Lama wa 13, kiongozi wa dini wa Watibeti, alifariki Lhasa mwaka 1933. Alikuwa mtawa, hakuwa na mke wala watoto. Wa 14 alizaliwa 1935 kwa wakulima, kijiji cha Taktser, mbali sana na huko. Alipokuwa na miaka kama miwili watawa walimpelekea vitu, vya marehemu na visivyo vya marehemu, naye akachagua vya marehemu. Ni lile jaribio lenu la mapanga. Au chukua Shanti Devi, binti wa Delhi aliyezaliwa 1926. Akiwa mdogo alisema yeye ni mke wa mtu wa mji wa Mathura, mwanamke aliyefariki mwaka uliotangulia baada ya kujifungua. Habari zake zilivuma mpaka zikamfikia Gandhi. Kati ya nyumba zile mbili hapakuwa na undugu. Wadruzi, jamii ya kidini ya Lebanoni, nao wanaamini mtu akifa roho inaingia mara moja kwa mtoto anayezaliwa, na mara nyingi ni nyumba nyingine, kijiji kingine. Damu itaelezaje imani ambayo wenyewe wanaoiamini wanasema aliyerudi alirudi kwa watu wasio ndugu zake?

Imani ya kurudi ndani ya ukoo tunayo sisi Waafrika. Wayoruba humwita mtoto wa kiume Babatunde, baba amerudi, na wa kike Yetunde, mama amerudi. Wakikuyu humpa mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba. Waluo wana jina la mzimu, linalotafutwa mtoto akilia asinyamaze. Mwanazuoni John Mbiti, Mkamba wa Kenya, aliliona hili vizuri: alieleza kwamba kwa Waafrika wengi anayesemekana kurudi harudi mzima mzima, bali ni baadhi ya sifa zake zinazoonekana kwa mtoto, huku marehemu mwenyewe akiendelea kuwa marehemu anayekumbukwa na watu wake. Wazee wetu waliacha nafasi hapo, na nafasi hiyo ndiyo ninayotaka umrudishie mwanao. Jina abaki nalo. Utani ubaki. Kuanguka asibebeshwe.

Sasa, mtoto anayatoa wapi? Isome tena barua yako, kama ningekusomea mimi.

Siku aliyozaliwa, neno la kwanza alilopokewa nalo lilikuwa "mume wangu amerudi". Tangu hapo bibi anamwita mume. Naamini baba yake anamwita "baba", kama watu wa Pwani wanavyomwita mtoto aliyerithi jina la mzazi. Nadhani pia wageni wakifika wanasimuliwa kisa, mtoto yuko kwenye mkeka anachezea kifuniko cha sufuria, na watu wazima wanadhani hasikii. Mjukuu akijikwaa mtu anasema, "Angalia, utaanguka tena kama siku ile." Mtoto yeyote anajifunza kuzungumza kwa kugeuza. Anaambiwa "wewe umeshiba", anajibu "mimi nimeshiba". Akiambiwa "wewe ulianguka mnazini", afanye nini? Anageuza: mimi nilianguka. Hajadanganya. Amefanya kile ulichomfundisha kila siku tangu aanze kusema. Na mtoto wa miaka mitatu au minne hujua jambo bila kujua amelipata wapi, kwamba hili nililiona na hili niliambiwa. Ndani ya kichwa chake yote yanakaa kapu moja.

Mnazi je? Umesema mwenyewe: hakuna anayeukwea na watu wazima mnauzunguka. Mtoto anayewatazama bibi, baba na mama wakikata njia wakifika mti mmoja, kila mara mti uleule, ameshaonyeshwa kuliko angenyooshewa kidole.

Mapanga nayo, mawili ya kawaida na moja lenye mpini mwekundu, mbele ya ukoo mzima unaojua jibu na kulitamani. Umeandika "akatuangalia mmoja mmoja". Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Watu waliamini anajua kujumlisha. Mwaka 1907 Oskar Pfungst aligundua kwamba farasi alikuwa anamtazama muulizaji: hesabu ikifika, mtu bila kujijua anainua kichwa kidogo, farasi anaacha kugonga. Aliyeuliza akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Ikiwa farasi anasoma uso wa mtu, mtoto mwenye akili anayempenda bibi yake ataushindwaje uso wa bibi?

Na kuna jaribio jingine linalomgusa mwanao zaidi, la Marekani, la Michelle Leichtman na Stephen Ceci, mwaka 1995. Watoto wa chekechea walisimuliwa kwa wiki kadhaa kwamba bwana fulani, Sam Stone, ni mtu wa kuharibu vitu. Kisha bwana huyo akaja darasani kwa dakika mbili, hakugusa kitu, akaondoka. Baadaye wakaulizwa mara kwa mara maswali yaliyobeba jibu ndani yake, kuhusu kitabu kilichochanika na mwanasesere aliyechafuliwa. Mwishoni, takriban 7 katika kila 10 wa umri wa miaka 3 na 4 walisema Sam Stone alifanya. Wengine walieleza namna alivyofanya. Hao walisimuliwa wiki chache tu, na watu wasio ndugu zao. Mwanao amesimuliwa maisha yake yote, na watu anaowapenda kuliko wote.

Ndiyo maana nakuomba, kwa nguvu zote nilizo nazo, asipelekwe shambani. Akisimamishwa mbele ya wazee ataonyesha mahali, kwa sababu watoto hujibu. Wakichimba wakakuta jiwe, kuanzia siku hiyo jirani ana adui wa miaka mitano. Wasipokuta, amekuwa mwongo mbele ya kijiji kwa kitu ambacho hakukitunga yeye. Na vyovyote itakavyokuwa, watu wazima watakuwa wamemthibitishia rasmi kwamba yeye ndiye aliyevunjika mgongo. Usiku wake utakuwaje baada ya hapo?

Mpaka una njia zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe 7, watatu kati yao wanawake, kazi yao ni kusuluhisha ugomvi wa namna hii. Marehemu alikuwa mkwezi wa watu, kwa hiyo wapo wenye mashamba aliowaangulia, na wapo wakwezi wenzake walioingia shamba lile na wanajua safu ipi ilikuwa yake na ipi ilikuwa ya jirani. Waitwe hao wangali hai. Kila mwaka unaopita mmoja wao anaondoka na anachokijua.

Urithi, usiogope. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjukuu harithi babu yake wakati baba yake yu hai na ni mtoto wa marehemu. Fungu pale ni la mume wako na ndugu zake, na mama mkwe ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane. Hapo nakuuliza: miaka hii yote, mirathi imeshagawiwa? Thumni ya mama mkwe ameikabidhiwa? Maana namfikiria mama yule. Amekaa kwenye eda mumewe hayupo, shamba linagombewa, na mapajani anawekewa kitoto chenye jina lile. Mjane anaweza kuondolewa shambani. Mwanamke ambaye mumewe amerudi, nani atamwondoa? Sidhani kama amelipanga hivyo kichwani. Nadhani ameshikilia kitu pekee kilichobaki mkononi. Mume wako akisimamia haki ya mama yake iandikwe na ijulikane, huenda mtoto akaachiwa kidogo.

Kusema na ukoo si kazi yako, ni ya mume wako. Mwombe aseme na mama yake taratibu, na amweke baba mdogo pembeni kabla ya Idi, si mbele ya watu. Mwende na sheikh akipatikana. Alikukatalia bila kukueleza, lakini analo jambo ambalo mama mkwe atalisikia kuliko la panya. Katika hadithi inayojulikana, mtoto hupuliziwa roho mimba ikitimiza siku 120. Wewe ulikuwa na miezi mitano. Siku mzee alipoanguka, kijukuu kilikuwa na roho yake, kimekwisha kupewa na Mola wake, haina mkono wa mtu. Na mzee yuko barzakhi, kama ilivyotajwa katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 100, mpaka siku ya kufufuliwa. Kwa mama aliyefiwa, hayo yana kitulizo pia: mumewe hakugeuzwa mtoto anayelia usiku. Amepumzika, anangoja dua.

Mtoto asiachwe Pangani. Aende kutembea, alale kwa bibi, arudi kwenu. Na akiwa huko mwombeni bibi abadilishe neno moja tu. Badala ya "ulipokuwa unakwea", aseme "babu yako alipokuwa anakwea". Amsimulie yote, alivyoanza kukwea, alivyokuwa akimwangushia dafu la kwanza yeye. Hadithi zile ni mali ya mtoto. Akizipata kama za babu, atazitunza mpaka uzeeni.

Maneno yale ya "nilipokuwa mkubwa" yataisha. Ian Stevenson, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Virginia, alikusanya visa zaidi ya 2,500 vya watoto wa namna hii, naye alikuwa mtu aliyeelekea kuamini kwamba huenda wamezaliwa tena. Hata yeye aliona kwamba huanza kusema wakiwa na miaka miwili hadi minne, na wengi huacha na kusahau kabla ya kufika minane. Mkojo wa kitandani usipopungua ndani ya wiki chache baada ya kuyabadilisha haya, mpeleke kituo cha afya apimwe, maana mkojo una sababu nyingine pia.

Limebaki moja, nimeliacha makusudi. Mnazi ule. Nazi zinadondoka zenyewe nyuma ya nyumba wanakocheza watoto, na hiyo ni hatari ya kweli ambayo mwanao yuko sawa kuiogopa. Mume wako atafute mkwezi mzuri, mmoja wa waliofanya kazi na baba yake, aje auangue wote. Wewe kaa na mtoto ukumbini, mbali, umemshika mkono. Msimlazimishe kusogea. Amwone mkwezi akipanda, asikie nazi zikipiga chini, na msiondoke hapo mpaka amwone anashuka.

Shangazi